Kila mwezi UTI, kumbe klamidia: maswali yenu na majibu

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kuhusu klamidia, kwamba ni ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, unatibika, na wanawake wengi walio nao hawajijui. Sentensi moja. Meseji zilizoingia baada ya hapo ni nyingi kuliko za mada yoyote niliyowahi kuandika humu na zinafanana ajabu, mtu anaanza na UTI anaishia na swali la ndoa. Nimechagua chache na majina nimeyatoa yote. Mimi ni nesi, nimekaa zahanati na kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, kwa hiyo nawajibu kama ningemjibu mtu aliyekaa mbele yangu kwenye benchi, na pale ambapo lazima uonwe na daktari nitakwambia wazi uende.

Shikamoo dada. Nina miaka 27 nipo Mbagala, nimeolewa nina mtoto mmoja. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na UTI sugu, nimetibiwa mara tano, nimechoma sindano, nimekunywa sipro na Flagyl mpaka mdomo unakuwa mchungu, inapoa wiki mbili inarudi. Mkojo unachoma, chini ya kitovu panauma hasa wakati wa tendo, na juzi nimeona damu kidogo baada ya tendo wakati siyo siku zangu. Maabara wanasema seli za usaha ni nyingi. Hii ni UTI gani isiyosikia dawa?

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mwaka mzima wa sindano na vidonge siyo mchezo.

Naomba usome tena ulichoandika mwenyewe, pale uliposema damu baada ya tendo na maumivu wakati wa tendo. Kibofu peke yake kwa kawaida hakifanyi hivyo. Damu ya namna hiyo mara nyingi inatoka kwenye shingo ya kizazi, ule mlango wa kuingilia tumbo la uzazi, na hapo ndipo klamidia inapopenda kukaa. Sisemi ndo yenyewe maana sijakupima, ila mwanamke akiniambia UTI haiishi, usaha kwenye mkojo haukosekani na damu inatoka baada ya tendo, mimi kabla ya antibayotiki ya sita nitaitafuta klamidia kwanza. Na nitaomba shingo ya kizazi iangaliwe kwa macho, kwa sababu damu baada ya tendo inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, hiyo huwa hatubahatishi.

Sasa kwanini maabara hawaioni. Seli za usaha ni askari wa mwili, zikiwa nyingi maana yake kuna vita, ila hazisemi adui ni nani. Kwa mwanamke mkojo unatokea jirani kabisa na uke kwa hiyo usaha wa kwenye shingo ya kizazi unaingia kwenye kikopo cha mkojo bila shida, na mrija wa mkojo wenyewe unaweza kuwa na klamidia, ndo maana unachoma. Ukipeleka mkojo huo ukaoteshwe jibu linarudi hakuna kilichoota, mtu anachanganyikiwa, usaha upo mdudu hayupo. Yupo. Ila bakteria huyu haoti kwenye kile kisahani cha maabara kama wenzake, yeye anazaliana ndani ya seli za mwili wa mtu tu, anaingia humo anazaliana siku mbili tatu, seli inapasuka, watoto wanatoka wanaingia seli nyingine. Hata ukichukuliwa uchafu wa ukeni ukaangaliwa kwa darubini ya kawaida hawamuoni. Na dawa ulizokunywa, Flagyl inaua wadudu wengine kabisa, huyu haimgusi, sindano ya seftriaksoni inaua kisonono lakini klamidia inabaki pale pale, sipro siyo dawa ya kuitegemea kwake. Yaani umetibiwa mara tano na inawezekana hata mara moja hukutibiwa ugonjwa ulionao.

Kipimo chenyewe kipo. Ni kile kinachotafuta vinasaba vya mdudu, unachukuliwa kwa pamba ukeni (hata wewe mwenyewe unaweza kujichukulia ukielekezwa, siyo lazima upanue miguu mbele ya watu, nalisema hili kwa sababu najua wengi ndo wanachoogopa) au kwa mkojo. Na kama ni mkojo sikiliza vizuri, huu siyo ule wa UTI ambao unaambiwa mwaga wa mwanzo ukinge wa katikati. Huu ni kinyume, usikojoe saa moja au mawili kabla, halafu unakinga ule wa kwanza kabisa, kidogo tu, kwa sababu ndo unaosafisha mrija na kumbeba mdudu. Hospitali kubwa na baadhi ya maabara binafsi wanapima, hata ile mashine ya GeneXpert mnayoijua kwa kifua kikuu inaweza kupima klamidia na kisonono ikiwekewa katriji zake, tatizo katriji hizo hazipo kila mahali. Kabla hujatoa hela yako uliza, hiki kipimo kinamtafuta mdudu mwenyewe au kinatafuta kinga kwenye damu? Cha damu kinaweza kukwambia tu kwamba mliwahi kukutana, labda miaka mitano nyuma, hakikwambii kama yupo leo.

Kama mlipo hakuna kipimo usikate tamaa. Vituo vyetu vya afya vina utaratibu wa kutibu kwa dalili, ukieleza unatokwa na uchafu, unaumwa chini ya kitovu, mhudumu anakupa dawa za kisonono na za klamidia kwa pamoja. Utaratibu huu siyo wa kuudharau. Mwanza vijijini mwaka 1991 mpaka 1994 walifanya utafiti mkubwa, zahanati za kawaida tu zikapewa mafunzo na dawa za kutosha za magonjwa ya zinaa, wakalinganisha na vijiji ambavyo havikupata, na maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalitoka mwaka 1995 na dunia nzima iliyasoma. Ni kwetu hapa. Kidonda na usaha ukeni ni mlango wazi kwa VVU, kwa hiyo na wewe ukienda pima na VVU na kaswende siku hiyo hiyo.

Ila muelezee mhudumu kila kitu, damu, maumivu ya tendo, yote, ukisema tu nina UTI utapewa dawa ya UTI. Na kwa kuwa tumbo la chini linauma lazima akupime kwa mkono. Akikuta kizazi kinauma kikiguswa hiyo inaweza kuwa imeshapanda juu, ndo ile mnaiita PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija ya uzazi, na tiba yake ni ndefu, wiki mbili na dawa zaidi ya moja. Kuhusu mumeo soma jibu linalofuata, huenda yeye ndo sababu ya ile inapoa wiki mbili inarudi, na huenda hata yeye hajui.

Dada habari. Mimi ni mwanaume, Arusha. Mke wangu kapimwa kaambiwa ana klamidia, karudi na kikaratasi kinaniita na mimi. Mimi sina dalili yoyote, nakojoa vizuri, sijawahi kutokwa na usaha. Kwanini ninywe dawa za ugonjwa ambao sina? Na kama mimi sina, si ina maana yeye ndo kautoa nje?

Salama kaka, na asante kwa kuandika, wanaume wanaoniandikia ni wachache.

Kutokuwa na dalili hakuna maana huna. Kwa wanawake saba mpaka nane katika kumi wenye klamidia hawasikii chochote, na kwa wanaume ni karibu nusu. Mdudu anakaa kwenye mrija wa mkojo kimya, hauchomi, hautoi kitu, na kila mkikutana anavuka. Kwa hiyo ukiwa umelala na mtu mwenye klamidia unatibiwa, hatusubiri dalili, na hata ukipima ukakuta hakuna bado nashauri unywe dawa pamoja naye.

Kuhusu nani kaleta, naomba hapa unielewe vizuri kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika juu ya kikaratasi hicho. Jibu la maabara linasema mdudu yupo. Halisemi aliingia lini wala kupitia kwa nani. Bila dawa klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila mtu kujua. Inaweza kuwa ya kabla hamjaoana, inaweza kuwa ya kwako, inaweza kuwa ya kwake. Aliyekwenda hospitali kwanza ndo anayeonekana mwenye kosa, wakati kilichomtofautisha na mwenzake ni kwamba yeye alipima. Sikwambii kwamba hakuna mtu aliyechepuka, siwezi kujua, na mazungumzo hayo mtayafanya kama mnayataka. Nakwambia dawa kwanza.

Na dawa ni hivi. Kama mkeo hana mimba dawa tunayoitegemea zaidi ni doksisaiklini, ile wengi mnaita doksi, miligramu 100, asubuhi moja jioni moja, siku saba. Vidonge 14. Kila mtu 14 zake. Hili la kila mtu zake nalisema kwa uchungu kwa sababu kuna mama nilimpokea, alikuja analalamika ugonjwa umerudi, nikamuuliza dawa ulimaliza, akafungua pochi akanitolea karatasi ya vidonge iliyokatwa katikati kwa mkasi, imekatwa vizuri kabisa imenyooka, akasema hiki ni kipande changu kingine nilimpa mume wangu, hela ilitosha dozi moja tukagawana saba saba. Walipendana wale. Walinyimana kitu gani? Hakuna. Ila nusu dozi haimalizi huu ugonjwa, ilibidi tuanze upya wote wawili. Kama hela ni tatizo mwambie mhudumu mapema, magonjwa ya zinaa vituo vya serikali vina utaratibu wake, usione aibu ya kusema sina.

Meza na maji mengi, glasi nzima, ukiwa umekaa au umesimama na usilale hapo hapo, kidonge kikikwama kooni kinachoma mpaka kinatoa kidonda. Usimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya damu wala dawa za kiungulia, viachane masaa mawili matatu maana vinaibana dawa isifanye kazi. Jua kali linaweza kukuunguza ngozi kipindi hicho, vaa kofia. Kichefuchefu kikija kula kwanza. Na siku zote saba hamkutani, wala kwa kondomu tusijidanganye, mnasubiri mpaka wa mwisho wenu amalize. Kama kuna mtu mwingine uliyelala naye ndani ya miezi miwili iliyopita na yeye anatakiwa atibiwe, mimi siko hapa kukuhukumu ila ukimuacha huyo mtu unarudi nayo nyumbani mwezi ujao. Baada ya miezi mitatu mpime tena wote, maana kujirudia kwa huu ugonjwa ni jambo la kawaida sana na mara nyingi siyo dawa iliyoshindwa ila ni mtu aliyeachwa bila dawa.

Habari dada, mimi ni mwalimu Kongwa. Nimesoma kwamba klamidia ni bakteria yule yule wa vikope. Huku kwetu vikope tunavijua, watoto wanaugua macho na dawa tunagawiwa. Sasa kama ni yule yule, si ina maana mtu anaweza kuupata kwa taulo au choo cha kuchangia? Kuna dada hapa shuleni anasema alipata chooni.

Swali zuri sana mwalimu, na wewe wa Kongwa ndo wa kuliuliza. Ndiyo, jina la kitaalamu ni moja, Klamidia trakomatisi, na trakomatisi inatokana na trakoma, ndo vikope vyenyewe. Walioanza kumuona walimuona mwaka 1907 kisiwa cha Java wakichunguza macho ya wagonjwa wa trakoma, wakaona kama amejivika kitu ndani ya seli, jina likatokana na neno la Kigiriki la joho. Lakini ndani ya jina hilo moja kuna koo tofauti. Koo za vikope zinapenda utando wa jicho na zinasafiri kwa mikono, vitambaa vya kufutia uso na nzi wa kwenye macho ya watoto, ndo maana huko mnahimizwa kunawa uso. Koo za sehemu za siri zinapita kwa kujamiiana, ukeni, njia ya haja kubwa, na hata mdomoni. Taulo na choo havimo. Mdudu wa koo hizi nje ya mwili hadumu, kukalia choo alichokalia mwingine hakukupi klamidia, wala bwawa la kuogelea, wala kuvaa nguo ya mtumba. Kitu kimoja tu kinachoziunganisha ni kwamba mtu akishika majimaji ya ukeni au ya uume yenye mdudu akajigusa jicho, jicho linaweza kuugua.

Huyo dada msimcheke wala msimbane. Choo ndo jibu ambalo jamii yetu imempa mwanamke ili asionekane malaya, nimelisikia mamia ya mara na ninaelewa kwanini linasemwa. Ubaya wake ni mmoja, choo hakinywi dawa. Akiamini ni choo mwenza wake hatatibiwa na yeye ataumwa tena.

Mambo dada, mi nipo chuo Morogoro. Natumia kijiti na nikisahau siku nameza P2. Pia najisafisha ndani kwa maji ya ndimu na shabu kila baada ya tendo. Je niko salama?

Poa mdogo wangu. Hapana, hauko salama. Kijiti kinazuia mimba na kinazuia vizuri sana, ukiwa nacho hata hiyo P2 huihitaji kwa kitu gani, lakini hakuna kati ya hivyo kinachozuia ugonjwa. Kondomu ndo inazuia, ikivaliwa mwanzo mpaka mwisho na kila mara. Na ndimu na shabu naomba uache leo. Uke una bakteria wake wazuri wanaoulinda, ukimwaga tindikali na shabu unawafukuza walinzi na unachubua ngozi laini, na maji yenyewe yanaweza kusukuma wadudu wapande juu. Nje osha kwa maji, ndani hapaoshwi kabisa. Umri wako pia, shingo ya kizazi ya msichana mdogo ina seli laini zilizojitokeza nje ambazo klamidia inazipenda, ndo maana nchi nyingine wasichana wa chini ya miaka 25 wanapimwa kila mwaka hata wakiwa hawaumwi. Ukipata nafasi pima, na mwenzio pia.

Dada naomba ushauri, nipo Kahama, miaka 33, natafuta mtoto mwaka wa nne. Nilishaugua PID mara mbili nikiwa msichana. Kuna mtu mtandaoni anauza dawa ya kuzibua mirija shilingi 180,000, anasema na kusafisha kizazi. Ninunue?

Usinunue dada yangu. Hela hiyo iweke ya kipimo.

Nakueleza kilivyo. Klamidia ikiachwa inaweza kupanda kutoka shingo ya kizazi mpaka kwenye mirija ya uzazi, na mirija ile ni myembamba, sehemu nyingine tundu lake halizidi unene wa uzi. Mwili unapopigana mle ndani unaacha makovu, kuta zinagandana, vile vinyweleo vinavyosukuma yai vinakufa. Bakteria anaweza kufa kwa dawa, kovu linabaki. Hakuna chai wala kidonge wala kitu cha kuweka ukeni kinachofuta kovu la ndani ya mrija, na anayekuuzia anajua hujapimwa, hajui hata kama mirija yako imeziba.

Sitaki pia ukate tamaa kabla ya wakati. Kuna utafiti wa Lund huko Uswidi, ulichapishwa 1992, walifuatilia wanawake zaidi ya elfu moja ambao PID yao ilithibitishwa kwa kuingiza kamera tumboni. Walioshindwa kupata mimba kwa sababu ya mirija walikuwa asilimia 8 kwa walioumwa mara moja, karibu 20 kwa mara mbili na 40 kwa mara tatu na zaidi. Kwa hiyo mara mbili zako peke yake hazina maana kwamba mirija imeziba, ila kwa miaka minne ya kutafuta lazima ipimwe, na hapo ndo uone kila mara moja ya ziada inavyogharimu. Nenda kwa daktari wa wanawake uombe ile picha ya mirija, unawekewa dawa kwenye kizazi wanapiga eksirei wanaona inapita au imekwama wapi. Wapime klamidia kwanza ili wasisukume mdudu juu. Na mumeo apime mbegu, tena aanze yeye maana kipimo chake ni rahisi, miaka minne yote hii hukuandika hata neno moja kama yeye amewahi kupimwa. Kama mirija imeharibika zipo njia, upasuaji kwa baadhi, upandikizaji wa mimba kwa wengine, ghali lakini za kweli.

Na hili lishike. Mwenye historia ya PID akikosa siku zake halafu akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu kidogo, kizunguzungu au bega kuuma bila sababu, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, hata kama kipimo cha mkojo kimekufurahisha kwamba una mimba. Mrija ukipasuka damu inavujia ndani na mtu anafariki.

Shikamoo. Nina mimba ya miezi mitano, Mtwara. Kliniki nimepimwa kila kitu nikaambiwa niko sawa, ila natokwa na uchafu wa njano. Je, klamidia wameshapima? Mtoto atadhurika?

Marahaba mwanangu, hongera kwa ujauzito. Kliniki wanapima VVU, kaswende, wingi wa damu, malaria na mkojo, klamidia kwa kawaida haimo. Kwa hiyo uko sawa kwa vilivyopimwa. Rudi usisubiri tarehe yako, sema natokwa na uchafu wa njano. Wakikutibu klamidia, kwa mjamzito ni azithromaisini, gramu moja, inamezwa mara moja tu. Doksi usimeze, hata kama jirani anayo, hata duka la dawa wakikupa, mwambie muuzaji nina mimba. Mumeo yeye anatibiwa kama kawaida. Baada ya wiki nne urudie kipimo kama kipo.

Mtoto anaipata wakati anapita njiani kuzaliwa. Macho yanavimba na kutoa usaha, mara nyingi kuanzia siku ya tano mpaka wiki mbili hivi, na wengine wanapata nimonia kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, mtoto anakohoa kikohozi cha kukatika katika, anahema haraka na mara nyingi hata hachemki. Ile dawa ya macho mtoto anayopakwa akizaliwa inasaidia zaidi kwa kisonono, kwa klamidia haitoshi, na maziwa ya mama machoni hayasaidii kabisa, bibi akikwambia mkatalie kwa heshima. Ukitibiwa sa hivi ukiwa na miezi mitano hayo yote yanaepukika.

Dada mimi nimeshapima nimekutwa nayo na dawa nimepewa, ziko chini ya godoro siku ya tatu sijaanza. Sijui nitamwambiaje mume wangu. Ni mkali. Nikinywa peke yangu si nitapona?

Mpendwa, anza dawa leo. Mchana huu ukimaliza kusoma. Utapona wewe, ndiyo, na ukikutana naye kabla hajatibiwa itarudi, lakini kila siku dawa zikikaa chini ya godoro mdudu anaweza kuendelea kupanda.

Kumwambia. Kama ukali wake ni wa maneno chagua wakati watoto wamelala na yeye ameshakula, usianze na neno zinaa, anza na tumbo lako. Mwambie nilikuwa naumwa hapa chini muda mrefu, nimepima, kuna bakteria wamekutwa, wanatibika kwa wiki moja, nesi kasema tunatibiwa wawili la sivyo nitaumwa tena na naweza nisizae tena. Hakuna neno la uongo hapo. Akiuliza umeutoa wapi mjibu nesi amesema haiwezekani kujua, inakaa hata zaidi ya mwaka bila dalili, twende wote ukamuulize mwenyewe. Wengi wanatulia wakisikia wataelezwa na mtu wa tatu.

Kama ukali wake ni wa mkono usimwambie mkiwa wawili ndani. Rudi kituoni umwambie nesi kwa siri, mume wangu ananipiga, naogopa. Atajua la kufanya, anaweza kumwita kwa kisingizio cha kliniki tu, anaweza kukuunganisha na ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi, na wakati huo wewe unakunywa dawa zako na kusingizia siku zako au tumbo ili msikutane hiyo wiki. Usalama wako unatangulia dawa yake.

Na kama ni mtu wa kusoma, liache gazeti hili mezani limefunguka pale kwenye jibu la kaka wa Arusha. Mwanaume mwenzake ndo aliyeuliza.